Mkono Uliopewa Alama

Jumanne ile Kitsa alifungua mulini wa Delphin, kinu cha mashine cha kusagia unga, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kama kila siku. Mabeseni ya muhogo mkavu na mtama yalikuwa yamekwisha kujipanga mbele ya mlango, kumi na tisa, na wenyewe hawakuwapo. Walikuwa kwa mama wa kona wanakunywa chai na kusengenya. Katika mtaa wa Vungi, mjini Butembo, beseni likishashika nafasi yake kwenye foleni hakuna wa kulisogeza, hata liwe la mwizi anayejulikana.

Kitsa, ambaye ndiye fundi, akatia mafuta ya mazuti na kuzungusha mpini. Injini ikakohoa mara tatu, ikashika. Mkanda wa mpira, wenye upana wa kiganja, ukaanza kukimbia kati ya injini na mashine ya kusaga. Ulikimbia wazi, bila kifuniko, kama ulivyokuwa ukikimbia tangu siku mashine ilipofika.

Kifuniko kilikuwapo zamani. Huko mbali mashine zilikotengenezwa, kila moja ilitoka na kifuniko chake cha bati la njano, kile ambacho mafundi hukiita karteri. Lakini Delphin alipokuwa akipakia lori mjini Kampala aliona kwamba mashine zenye karteri zinaingia mbili, na zisizo na karteri zinaingia tatu. Karteri zikabaki uani kwa mama mwenye nyumba ya wageni, ambaye alizipindua akawa anawanyweshea mbuzi ndani yake. Kila mfanyabiashara wa Butembo angefanya hivyo, na wengi walifanya. Kile kibati kidogo chenye herufi mbili, kinachosema kwamba mashine hii imetimiza masharti yote ya usalama, kilibaki kimepigiliwa ubavuni mwa kila mashine, maana hakikuchukua nafasi.

Saa nne na robo Katungu alikuwa akifagia unga kwenye mdomo wa mashine kwa ufagio mfupi. Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka sita. Mkanda ukashika ncha ya mkono wa gauni lake, kisha ukachukua na mkono wenyewe, wa kulia, kuanzia kifundoni, kwa muda usiotosha mtu kutaja jina lake. Kitsa akazima injini. Katungu akatazama pale mkono ulipokuwa.

"Kitsa," akasema, "angalia damu isiingie mu unga ya mama Hadidja. Ule ni mutu ya dini."

Kisha akakaa chini.

Hadidja, mke wa Hamisi mwenye lori la kwenda Beni, ndiye ambaye ilikuwa zamu yake kusagiwa. Alipasua kitenge chake kipya, akafunga kile kilichobaki, na Katungu akapelekwa hospitali kwa pikipiki, katikati ya dereva na Hadidja. Waliobaki wakautafuta mkono. Walitazama chini ya mashine, ndani ya mashine, nyuma ya magunia. Walichekecha mabeseni matatu ya unga. Katika beseni la Hadidja walipata msumari mmoja na kifungo cha shati, vitu vya kawaida. Mkono haukuonekana. Saa nane mchana injini ikawashwa tena, kwa sababu foleni ilikuwa imefika barabarani na pikipiki zimekosa pa kupita.

Kwa watu wa Katungu, huko mlimani Masereka, kiungo kikimtangulia mwenyewe huzikwa. Huchimbiwa shimo lake nyuma ya nyumba, kwenye migomba, kikawekwa ndani ya sanduku lake, na watu wanakula maharage. Katekista husema jambo hili halimo katika mafundisho, lakini huja na maji ya baraka, na maharage anakula. Kiungo kisipozikwa, siku ya siku mwenyewe atafika kule kwa wafu akiwa na upungufu, ataambiwa arudi akakitafute, na watoto wake hawatapata usingizi wakimsikia akifungua vyombo kukitafuta.

Kwa hiyo siku ya tano mjomba wake, mzee Nzanzu, alishuka kutoka Masereka juu ya lori la viazi, amepakata sanduku la mbao za mkaratusi. Alikuwa amelipima kwa mkono wake mwenyewe, akaongeza kidogo, kwa vile Katungu tangu utotoni alikuwa na vidole virefu. Alipoambiwa kwamba mkono haujapatikana aliliweka sanduku juu ya kabati la Katungu.

"Miye ni muzee," akasema. "Lori ya viazi iko inanivunja mugongo. Siku mutaiona, muniite, nitakuja mara moja tu. Lakini ikutwe ungali muzima, Katungu. Usitufanyie ile ya kufika nusu."

Katungu hakuwa mwoga wa kufa. Ameona mengi katika nchi hii, na kufa ni moja tu kati ya hayo. Aliogopa kufika nusu. Kila asubuhi, kabla ya sala, alilipangusa lile sanduku vumbi kwa mkono wa kushoto.

Mkono ulirudi kazini wiki ya tatu, siku ya Alhamisi.

Pale mulini palikuwa pameandikwa kazi mwanamke mwingine, Rébecca, aliyekimbia kutoka upande wa Kamango na watoto wanne baada ya kijiji chake kuchomwa. Alikuwa amebeba wa mwisho mgongoni. Aliinama kuchukua ufagio ulioanguka, ncha ya kitenge ikaelekea kwenye mkanda, na mkono ukatokea nyuma ya gurudumu la injini, mweupe kwa unga mpaka kwenye kifundo, ukamsukuma kifuani. Rébecca akakaa kitako ndani ya beseni la mtama.

"Ni nani ananisukuma?"

"Ni mukono ya Katungu," Kitsa akasema. Aliutambua kwa kovu la sufuria kwenye kidole gumba.

"Basi ajifunze kusukuma na adabu. Niko na mutoto."

Tangu siku hiyo mkono ulikaa juu ya ubao uliopita kandokando ya mkanda. Injini ikiwaka, nao unaanza kazi. Huenda na kurudi, kama mama anayemchunga mtoto karibu na moto. Mtu akinyoosha kiganja, unampiga. Shati likining'inia, unalikunja na kulirudisha. Askari mmoja aliyezoea kuingia na kujichotea unga bila kuomba alipigwa kofi la vidoleni mbele ya foleni nzima. Alicheka, akapuliza vidole, akasema kwa Kilingala, "Mama oyo aza makasi," kwamba mama huyu ana nguvu, na tangu hapo akawa anachotea mulini mwingine. Jumapili, mulini ukiwa umefungwa, mkono ulikaa dirishani ukiota jua.

Kwenye foleni walibishana kama inafaa kuusalimia. Wengine walisema hapana, salamu ni ya mtu kamili. Hadidja alisema yeye anausalimia kila siku.

"Mukono inatumika bila mutu," alisema, "inaomba heshima kupita mutu yenye kushinda na mikono mbili ku kiti." Akamtazama mume wa mama wa kona, na watu wakacheka mpaka chai ikamwagika.

Habari zilimfikia Katungu Alhamisi ile ile. Butembo habari haingoji pikipiki. Kidonda kilimchelewesha wiki nzima, kisha akafika na kapu, na ndani ya kapu sanduku. Akasimama kando ya mashine, akautazama mkono wake ukienda na kurudi.

"Wasingya," akauambia, kama mtu anavyomshukuru mwenzake kwa kazi. "Sasa twende nyumbani."

Mkono ulisimama kidogo. Ulimshika kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, ukakibana, kisha ukarudi kwenye mkanda, maana mtu alikuwa akipita na beseni.

"Hataenda, mama," Kitsa akasema. "Siku ile mazuti ilikosa, masini ilinyamaza, yeye akalala pale pale, anangojea. Lakini juzi, niliegemesha bati moja kubwa mbele ya mukanda, nilikuwa natafuta nafasi tu. Masini inatembea. Mukono ikaangalia ile bati, ikaigonga-gonga, ikashuka. Ilifika mupaka ku mulango, inashika njia ya kwenu. Nikaondosha bati, ikarudi mbio."

"Inangojea karteri," Katungu akasema.

"Inangojea karteri. Munifungie hapa bati, na buloni ine, mukono iko yako."

Delphin, mwenye mulini, alikuwa mtu mwema kwa namna ya watu wenye haraka. Aliyelipa hospitali ni yeye, na kila Jumapili alipita na kikapu cha sadaka kanisani akiwatazama watu machoni mpaka watoe. Katungu alipomweleza, hakubisha hata kidogo. "Mama Katungu, hiyo ni kazi ya nusu siku! Lundi inaisha," akamwahidi, akimaanisha Jumatatu. Na kweli, Jumamosi bati lilifika, jipya, linang'aa, pamoja na buloni nne, bolti za kulikazia, zimefungwa ndani ya gazeti. Kitsa akaliegemeza ukutani, upande wa mbali na mkanda, ili mkono usidanganyike kabla ya wakati. Katungu akatuma neno Masereka: mjomba ajitayarishe, safari ni Jumatano. Akaloweka maharage.

Jumatatu ile ile akaja mkaguzi.

Huko Beni watu waliokimbia vijiji walikuwa wameongezeka tena, na shirika moja linalowagawia chakula lilikuwa limetangaza kwamba litanunua unga wa mulini wenye alama ya usalama tu, alama iliyothibitishwa na bureau, ile ofisi ya serikali ya ukaguzi. Kibati cha kiwandani pekee hakikutosha; kibati kinasema kilichotoka kiwandani, na bureau ilitaka kujua kilichofika. Katika Butembo nzima hakuna mulini uliokuwa umepita. Delphin alikuwa ameandika barua ya kuomba ukaguzi miezi minne nyuma, na kama ilivyo desturi ya barua, ilijibiwa siku aliyokuwa ameisahau.

Mkaguzi aliitwa Gérard. Alivaa tai na mabuti ya mvua, akashika fomu yenye pointi thelathini na moja. Alikuwa mtu mnyofu. Chai aliikubali tu baada ya kusaini, bia hakuikubali kabisa, jambo lililowatia watu wa Vungi wasiwasi. Pointi ya kwanza mpaka ya nane zilikwenda vizuri: miguu ya mashine imefungwa kwenye saruji, mfereji wa moshi unatoka nje, kitufe cha kuzima ni chekundu.

"Pointi ya tisa," akasema. "Vitu vyenye kuzunguka. Karteri iko wapi?"

Delphin akamtazama Kitsa. Kitsa akatazama bati ukutani. Kabla hawajafungua mdomo, Gérard alikuwa amekwisha kutoa kidole cha mti. Kila mkaguzi hupewa na bureau kidole kama hicho, kina maungo matatu, cha kupimia kama kidole cha mtu kinaweza kufika penye hatari. Akakiingiza upande wa mkanda. Mkono ukakikamata, ukamrudishia, kwa adabu. Gérard akajaribu kutoka chini. Akajaribu kutoka nyuma, na kutoka juu akiwa amesimama kwenye kiti. Akavua tai, akaikunja mfukoni, akaingiza mkono wake mwenyewe, akasukumwa. Mwisho akamwomba Kitsa na Rébecca wanyooshe mikono kwa wakati mmoja, mmoja huku na mwingine kule. Mkono uliwawahi wote wawili.

"Protection," akasema huku akiandika, "iko. Inatumika. Inatumika muzuri kupita karteri nyingi nimeonaka." Akafika penye visanduku vya kuchagua: chuma, plastiki, wavu, kingine. "Ni ya nini?"

"Ni mukono," Kitsa akasema.

Gérard akaweka alama penye kingine.

Katungu alikuwa mlangoni tangu asubuhi, kapu miguuni, akingoja ile kazi ya nusu siku. Hapo akaingia, akasimama mbele ya mkaguzi.

"Chef, ile ni mukono yangu. Leo nimekuja kuibeba. Bati yake ni ile kule."

Gérard akaacha kuandika. Akamwuliza kama ana karatasi. Katungu alikuwa nayo, ya hospitali, ndani ya plastiki, na mkaguzi akaisoma yote, mbele na nyuma, kwa heshima.

"Mama, hapa banaandika mukono haikupatikana."

"Sasa imepatikana."

"Lakini karatasi inasema yako haikupatikana. Na hii ya hapa, mimi nimeikuta hapa, ku masini, inatumika kazi ya masini. Mimi naandika kile naona." Akaikunja karatasi, akamrudishia. Alisikitika, na uso wake ulionyesha. Akamweleza kwamba anaweza kuomba karatasi isahihishwe. Aende na mashahidi wawili, kisha faili itapelekwa Goma ikasainiwe. Watu wote waliokuwa pale walitazama chini, kwa sababu barabara ya Goma kila mtu anajua habari yake.

"Na ile bati?" Katungu akauliza.

"Bati haiko ku masini, mama. Iko ku ukuta. Fomu haina nafasi ya ukuta."

Delphin alikuwa anatazama kalamu ya mkaguzi.

Ikabaki jambo moja. Sharti linasema kwamba kifaa cha kukinga lazima kifungwe, kisiweze kuondolewa bila chombo cha ufundi. "Hii ya kwenu," Gérard akasema, "hata mutoto anaweza kuibeba mu kapu." Akasema atangoja.

Kitsa alichukua saa mbili. Alitengeneza bangili ya chuma, akaitia ndani kipande cha mpira wa tairi ili isichubue, akaipachika kwenye ufito wa chuma ili iweze kwenda na kurudi kando ya mkanda. Mkono ulijiweka wenyewe ndani ya bangili. Akaukaza kwa buloni mbili, mbili kati ya zile nne zilizokuwa ndani ya gazeti. Alipomaliza alitoka nje, akanawa uso kwenye pipa la mvua, akarudi.

Gérard akabandika alama mpya ubavuni mwa mashine, herufi mbili na namba. Halafu akafungua tena mkoba. Kifaa cha kukinga kisichotoka kiwandani pamoja na mashine hupewa alama yake chenyewe, ndivyo ilivyoandikwa. Akapangusa unga mgongoni mwa mkono, akabandika pale alama ya pili, ndogo, akaibonyeza pembe zote nne kwa kidole gumba. Kisha akanywa chai.

Jumatano mzee Nzanzu hakushuka. Walimpigia simu asipande lori. Maharage yalikuwa yamekwisha loweka, basi yakaliwa.

Kuanzia juma hilo unga wa Delphin ulikwenda Beni kwa lori la Hamisi, magunia yenye herufi mbili. Lile bati jipya halikupotea bure. Walilipaka rangi, wakalitundika barabarani kama kibao: MULINI CONFORME, yaani uliotimiza masharti. Wanawake wa Vungi walijivuna kusaga pale. Mtu akimnyooshea mtoto wa mwenzake kidole barabarani aliambiwa, "Kidole yako haina alama, irudishe."

Katungu alimngoja Delphin baada ya misa.

"Patron, Lundi ilipita."

"Mama Katungu." Alimshika begani. "Sasa nikiweka karteri, masini haiko conforme tena. Si unaelewa? Banaandika mukono. Wakija wakute bati, watasema nimebadilisha, banafunga. Batu kumi na mbili banakula ku ile mulini. Na bale ba Beni?" Macho yake yalikuwa mekundu kidogo, huenda kwa moshi wa ubani. "Niombe kitu ingine. Niombe hata gunia."

Hakuomba gunia.

Ijumaa moja, saa sita mchana, alirudi mulini. Injini ilikuwa ikiwaka. Kitsa alimwona anaingia na kapu. Akaweka spana namba kumi na tatu juu ya meza, akasema anakwenda kutazama kama mvua itanyesha, akatoka. Mbingu ilikuwa nyeupe, haina hata wingu.

Kufungua buloni kwa mkono wa kushoto si kazi ya kupendeza, lakini alikuwa amejifunza kufunga sidiria na kumenya ndizi; buloni nazo zilifunguka. Mkono ukatoka katika bangili, ukamwangukia kiganjani. Ulikuwa wa baridi. Kucha zilikuwa zimepasuka, na ile alama mgongoni imeanza kubanduka pembe moja kwa jasho. Alishangaa jinsi ulivyokuwa mwepesi. Alipokuwa nao hakuwahi kuupima. Akauweka ndani ya sanduku, sanduku ndani ya kapu, akaenda mlangoni. Rébecca alikuwa akimimina mtama, amempa mgongo.

"Rébecca, miye naenda."

"Eeh, yaya, dada yangu, salimia nyumbani," Rébecca akajibu bila kugeuka, na akainama kuchota tena.

Katungu akageuka kumtazama, kama mtu anavyotazama mahali alipofanyia kazi miaka sita. Mtoto mgongoni mwa Rébecca alikuwa amelala. Mguu wake mmoja ulikuwa umetoka kwenye kitenge, una soksi nyekundu iliyolegea, na kila mama yake alipoinama soksi ilikwenda upande wa mkanda ikarudi. Ilikwenda, ikarudi. Ndani ya kapu sanduku likaanza kugongwa.

Alisimama pale mlangoni kwa muda. Nje kulikuwa na mabeseni kumi na manne. Mtu mmoja kwenye foleni alikuwa akisimulia habari ya harusi ya Alimbongo ambako bwana harusi alikimbia na mpishi, na watu walikuwa wanamwambia aongeze sauti.

Katungu akarudi. Alipofungua kifuniko cha sanduku mkono uliruka wenyewe mpaka kwenye bangili, ukausukuma ule mguu mahali pake, ukatulia. Buloni kuzikaza kwa mkono mmoja haiwezekani. Lazima mwingine ashike nati upande wa pili. Rébecca akaweka beseni chini, akashika.

"Kaza, yaya."

"Nimekaza."

"Tena kidogo. Mukaguzi alisema."

Katungu akakaza tena kidogo. Kitsa alipoingia kusema kwamba mvua haitanyesha, alimkuta ameketi juu ya gunia, sanduku mapajani, ananyonyoa uzi kwenye ncha ya gauni.

Mwezi haukuisha Hadidja akamletea mgeni nyumbani, Jumapili mchana. Alikuwa mtu mzima, papa Syauswa, mwenye mulini huko Beni, karibu na soko. Alileta sukari, akasifu nyumba, akauliza habari za Masereka, ambako hakuwahi kufika. Katungu akapasha chai. Hadidja, aliyeambiwa habari yote njiani, aliketi mbali na mgeni, akakoroga sukari iliyokwisha kuyeyuka.

"Mama," Syauswa akaanza, "unajua batu ba kwetu. Mumoja akiuza supu ya samaki, ikatoka, kesho barabara muzima ni supu ya samaki. Ile habari ya mukono ilitufikia. Miye nilikuwa na karteri yangu, muzuri, ya tangu kiwandani. Niliifungua. Batu ine tulifungua. Tukangoja."

"Na mukapata?"

"Tulipata. Mbili, mupaka sasa." Akanywa chai kidogo. "Lakini haibaki. Ya kwanza ilitoka siku ile ile, batu banaiona ku barabara ya Kamango, inaenda tu. Ya pili inakaa ku paa, haishuke. Hatujue tunakosa nini. Banasema ni familia. Kuna familia ziko na mikono ya kubaki."

Akaweka kikombe chini, akautazama mkono wa kushoto wa Katungu uliokuwa umeshika birika.

"Ile moja yenye inabaki," akauliza kwa upole, "iko na kazi?"

Katungu akajaza kikombe chake mpaka juu bila kumwaga.

"Hii ndiyo nakulia, papa."

"Ah. Basi, hapana mubaya." Alikubali mara moja, hakuwa mtu wa kulazimisha. Wakaongea habari ya mvua na bei ya mihogo, na barabara kama leo iko shwari au wangoje msafara wa kesho. Alipokwisha kusimama na kuvaa kofia, akageuka mlangoni.

"Na dada, mama? Uko na badada?"

"Sina," Katungu akasema.

Alikuwa nao wawili, Masereka, na wote wawili walikuwa wanatafuta kazi.